Tupeni kura mstari kwa mstari, asilimia tutazipiga wenyewe

Machi 2013, tume ya uchaguzi ya Kenya ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi wa urais kwa kura 6,173,433, yaani asilimia 50.07. Jumla iliyotumika kugawanya ilikuwa na kura 108,975 zilizokataliwa. Mwishoni mwa mwezi huo Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kura hizo hazifai kuingia katika hesabu ya asilimia. Ukiziondoa, mshindi anafikia 50.51. Hakuna aliyepata kura zaidi, ila hesabu imebadilika, na katika nchi ambayo Katiba inadai zaidi ya nusu ya kura, tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo maana asilimia iliyochapishwa peke yake haitoshi: tayari mtu ameshaamua nini kigawanywe kwa nini, na msomaji hana njia ya kuuhoji uamuzi huo.

Mwaka 2022 tume ilipiga hatua kubwa inayostahili sifa. Picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo 46,229 zilianza kuwekwa kwenye tovuti yake, kila Mkenya akaweza kuzisoma. Lakini picha haijumlishiki. Vyumba vya habari vililazimika kunakili tarakimu kwa mkono, kila kimoja kikianzia fomu zake, na runinga zikaonyesha jumla zinazopishana huku wananchi wakishikwa na wasiwasi. Kilichokosekana ni jedwali refu, hata kama halivutii macho: kila mstari uwe na kaunti, eneo bunge, kituo, mgombea na kura zake, na kura zilizokataliwa zipewe mstari wao. Data ikipangwa hivyo, jumla ya taifa na ya kaunti hutoka kwenye mistari ileile kwa kuikusanya tu. Hata sharti la Ibara ya 138, la kupata angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, mwalimu wa hesabu mwenye kompyuta anaweza kulipima.

Mpangilio huo unazuia pia kosa linalojirudia mno, la kutafuta wastani wa asilimia. Tuseme mgombea amepata asilimia 80 katika kituo chenye kura 100, na 40 katika chenye kura 700. Wastani unasema 60. Ukweli ni kura 360 kati ya 800, yaani 45. Aliyeachiwa asilimia bila idadi hawezi kuligundua kosa hilo.

Wapo watakaosema picha ndiyo ushahidi, kwa kuwa ina sahihi za mawakala, na kwamba kunakili huzaa makosa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo picha ibaki, kila mstari ukielekeza kwenye fomu yake. Makosa ya kunakili yapo hata sasa, ila yametawanyika katika kompyuta za watu binafsi ambako hakuna wa kuyakagua. Wengine watadai mwananchi anataka jibu fupi. Apewe, lakini jibu fupi litokane na mistari iliyo wazi kwa wote. Siri ya mpiga kura haiguswi, maana mstari unataja kituo, si mtu. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027. Muda wa kuandaa jedwali hilo na kulijaribu katika chaguzi ndogo bado upo, na tume iseme sasa kama italitoa.