Asilimia Tatu Isiyopita Mlangoni

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya sheria za ajira hapa Mzumbe, huwapa wanafunzi wangu hesabu ya shule ya msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu waliotimiza sifa za chini za kazi. Je, asilimia 3 ya watu 20 ni watu wangapi? Kalamu hutulia, kisha darasa hucheka. Jibu ni sifuri nukta sita. Mtu kamili wa kwanza hapatikani mpaka mwajiri afikishe wafanyakazi 34.

Ni kicheko hicho kilichonifanya niandike. Mwajiri wa watu 25 anaweza kukiri kwamba sheria inamhusu, kisha akadai kwamba haimtaki aajiri mtu yeyote. Anayetaka kuikwepa hahitaji wakili. Inamtosha mashine ya kukokotolea. Linganisha na sheria iliyotangulia. Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, Bunge letu lilitunga sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu. Kiwango kilikuwa asilimia 2, na mstari wa kuanzia ulikuwa wafanyakazi 50. Asilimia 2 ya 50 ni mtu 1. Tulipopanua wigo mwaka 2010 kwa nia njema, tuliwaingiza waajiri wengi zaidi, lakini wadogo kati yao tukawadai sehemu ya mtu.

Ujerumani nako wajibu wa namna hii huanza kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20. Tofauti ni kwamba wao hawakuiachia asilimia iamue peke yake: mwajiri ambaye hajafikisha wafanyakazi 40 anadaiwa mtu 1, na ambaye hajafikisha 60 anadaiwa watu 2. Asiyetimiza hulipa tozo kwa kila nafasi aliyoiacha wazi. Sisemi tuige kila cha Ulaya. Nasema kasoro hii ina dawa, na dawa yenyewe ni sentensi moja ya marekebisho.

Hata hivyo, hesabu ni sehemu ndogo ya hoja yangu. Tuseme asilimia imerekebishwa leo. Bado kuna mlango.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana niliyemfundisha, atembeaye kwa magongo, aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Chumba cha usaili kilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Alipanda ngazi zote, akafika akitokwa na jasho, mikono ikitetemeka. Swali la kwanza halikuhusu sheria aliyoisomea kwa miaka minne. Aliulizwa: ataziwezaje ngazi hizi kila siku? Kazi hakuipata.

Lipime swali hilo. Aliyejenga jengo bila kumfikiria mtu wa magongo hakuwepo chumbani kujieleza. Aliyechagua ghorofa ya tatu, huku chini kukiwa na vyumba, hakuulizwa sababu. Anayetakiwa kujitetea ni yule ambaye tayari amezipanda. Kosa la ramani limehamishiwa kwenye miguu ya mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katazo hilo linagusa hata taratibu za kutafuta na kuteua waombaji kazi. Kwa hiyo kijana yule angeweza kulalamika. Hakulalamika. Mtu anayetafuta kazi ya kwanza huogopa kujulikana kama mlalamishi kabla hajajulikana kama mchapakazi, na nauli ya kufuatilia shauri hana. Haki inayomngoja aliye dhaifu kuliko wote aanze yeye kuidai ni haki itakayosubiri sana.

Turudi kwenye yale maneno ya sheria: “sifa za chini”. Ni maneno ya busara, kwa maana hakuna anayetaka ajira ya huruma. Lakini sifa hazioti kama uyoga. Hupatikana shuleni, chuoni, maktabani. Msichana kiziwi aliyesoma bila mwalimu anayejua lugha ya alama, au mvulana asiyeona aliyefanya masomo yake bila vitabu vya nukta nundu, atafika sokoni pungufu ya wenzake, kisha mwajiri atasema kwa moyo mweupe kabisa: nafasi nilitenga, mwenye sifa hakutokea. Asilimia 3 inahesabiwa mwishoni mwa njia ambayo mwanzo wake umezibwa.

Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haukuishia kwenye kazi. Ibara ya 27 inazungumzia ajira. Ibara ya 9 inazungumzia majengo, barabara, usafiri na habari. Ibara hizo mbili ni jembe na mpini.

Najua jibu la waajiri: gharama. Nalipokea kwa heshima, maana mfanyabiashara wa Morogoro mjini aliyepanga vyumba katika jengo la mtu hawezi kulivunja. Lakini mara nyingi kinachohitajika ni kidogo: kuhamishia usaili chumba cha chini, kutuma nyaraka kwa njia ambayo programu ya kompyuta itamsomea asiyeona kwa sauti, kumwita mkalimani wa lugha ya alama kwa saa mbili. Gharama kubwa ni ile ya kubomoa kilichokwisha kujengwa, na dawa yake ni kutokijenga vibaya. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vya njia kuu vilikuwa vimejengwa sakafu yake ikilingana na ya basi. Mama mwenye kiti mwendo anafaidika. Anafaidika pia mjamzito, mzee, na kijana mwenye gunia la mahindi. Usawa huo uliamuliwa kwenye karatasi ya mchoraji, kabla ya saruji kumwagwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kifungu cha asilimia 3 kirekebishwe ili kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 adaiwe mtu mmoja kamili, na asiyetimiza achangie Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu, ambao sheria hiyohiyo iliuanzisha. Pili, hesabu za ajira hizo zitangazwe hadharani kila mwaka, tukianza na taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwemo. Tatu, jengo lolote linalohudumia watu lisipewe kibali cha ujenzi wala cha kutumika kama mtu mwenye kiti mwendo hawezi kuingia kwa mlango uleule wanaopita wengine.

Hilo la tatu linatuhusu sana sisi tulio chini ya milima hii ya Uluguru. Tangu mwaka 1953 Mzumbe imekuwa ikifundisha watumishi wa serikali za mitaa. Wakurugenzi, maofisa utumishi, wahasibu na wanasheria wengi wa halmashauri wamepita hapa. Ni watu wa aina hiyo watakaoketi kwenye meza ambapo ramani hupitishwa, bajeti hupangwa na chumba cha usaili huchaguliwa. Siku hiyo hapatakuwa na mwanaharakati wa kuwakumbusha wala hakimu wa kuwaamuru. Patakuwa na muhuri, wino, na dhamira yao.

Kwa hiyo, baada ya ile hesabu, huwapa wanafunzi swali la pili, na hili halina alama. Utakapokuwa wewe ndiye unayemwita mtu kwenye usaili, utamwita ghorofa ya ngapi?