Mustang ya Fairfield: ninunue?

Hapa Fairfield kuna mzee anauza Ford Mustang ya 1967, usukani kushoto. Washkaji wananishawishi ninunue, eti mlio wake! Mimi nasema injini inatengenezeka, kutu ndiyo inayokula pesa. Nimepitisha sumaku milangoni, haikunata: juu rangi, chini puti tupu. Nikasoma namba ya chesisi. Alama ya tano ni T, yaani ilitoka kiwandani na silinda 6, wakati mzee anaapa V8 iliyomo ni ya asili. Jamani, hizi ni pesa za bati za nyumba ya mama. Sinunui! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyie mnasemaje?