Uganda ina watafiti hodari, lakini ufunguo wa hazina uko kwa wengine

Januari 30, 2025, Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan jijini Kampala. Siku nne baadaye, majaribio ya chanjo yalianza. Yalikuwa ya kwanza duniani kupima kama chanjo inaweza kuwakinga watu dhidi ya aina hiyo wakati wa mlipuko.

Kasi hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka 2022, ugonjwa huo huo ulipozuka Mubende, dozi za majaribio zilifika Desemba, maambukizi yakiwa yamekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI) hawakukata tamaa. Mpango wa utafiti uliandaliwa mapema na dozi zikahifadhiwa nchini, zikisubiri.

Huo ndio uwezo wa Uganda: wataalamu wenye uzoefu na maabara zenye historia. Kituo cha Entebbe kimechunguza virusi tangu 1936, na virusi vya Zika viligunduliwa kupitia kazi yake mwaka 1947.

Udhaifu uko kwenye mfuko. Chanjo hiyo ilitolewa na IAVI, shirika lenye makao yake New York, na sehemu kubwa ya fedha za majaribio ilitoka kwa wafadhili wa nje. Mwezi huo huo wa Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi kadhaa ya utafiti wa UKIMWI barani Afrika ikakwama katikati ya safari. Anayelipa ndiye anayeamua kipi kichunguzwe na lini kazi isimame.

Umoja wa Afrika umewataka wanachama wake watenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Uganda bado iko mbali na kiwango hicho, na majirani zake nao hawajakifikia.

Lakini maradhi hayaombi viza mpakani. Marburg ilizuka Rwanda Septemba 2024, kisha Kagera, Tanzania, Januari 2025. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina Tume ya Utafiti wa Afya, yenye makao yake Bujumbura. Kinachohitajika ni nchi wanachama kuchangia mfuko mmoja wa dharura na kutambua vibali vya utafiti vya kila mmoja. Bila hivyo, mlipuko ujao utawakuta wataalamu wako tayari, huku wakisubiri barua ya mfadhili.