Difu Fupi Haizai Nguvu

Kuna imani iliyoota mizizi gereji kwa gereji, na inasemwa hata na mafundi ninaowaheshimu sana: ukitaka gari la spoti likimbie zaidi, weka difu fupi. Fupi ni ile yenye namba kubwa, ambayo shafti yake huzunguka mara nyingi zaidi ili tairi izunguke mara moja. Ng'oa 4.1, funga 4.88, gari litaruka. Mimi napinga. Kwa gari linalompeleka mwenyewe kazini wiki nzima, kisha likaingia uwanja wa mbio Jumapili, ushauri huo ni mbaya, na umekula fedha za watu ambazo zingewanunulia kasi ya kweli.

Tulipime jambo hili kwa gari ambalo takwimu zake zinajulikana: Toyota 86, pacha wa Subaru BRZ, lililoingia sokoni mwaka 2012. Injini ni ya lita 2, hutoa nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na hufika ukomo kwenye kama 7,400. Giaboksi ya mkono ina gia sita, difu ni 4.1, tairi ni 215/45 za rimu ya 17. Tairi hiyo ikizunguka mara moja gari husogea karibu mita 1.95. Mengine ni kuzidisha na kugawanya.

Kwa difu ya 4.1, gia ya pili ya gari hili inaishia karibu kilomita 96 kwa saa, ya tatu 137, ya nne 174, ya tano 211. Funga 4.88 na gia zilezile zitaishia 81, 115, 146 na 177. Ndani ya gia moja, mvuto kwenye tairi umeongezeka kwa asilimia 19, na hilo ndilo dereva analolisikia mgongoni akitoka kwenye taa. Anarudi kwa fundi akiwa na furaha, na imani inapata shahidi mwingine.

Ila shahidi huyo amesikiliza nusu ya kesi. Tazama kinachotokea kati ya kilomita 81 na 96 kwa saa. Gari la 4.88 limeshamaliza gia ya pili, liko kwenye ya tatu. Gari la 4.1 bado liko kwenye ya pili, na injini yake iko juu kabisa, palepale penye nguvu. Katika kipande hicho, gari lenye difu ya kiwandani ndilo lenye mzidisho mkubwa kwenye tairi, tena kwa asilimia 19 ileile! Kati ya 115 na 137 linaongoza tena, safari hii kwa karibu asilimia 7. Ulichokipata mwanzoni mwa gia umekilipa mwishoni mwake, na juu ya hapo umeongeza kazi ya kubadili gia mapema.

Sababu haina siri. Injini imetoa farasi zilezile. Difu ni kama gia za baiskeli: inapanga miguu izunguke mara ngapi, haiwezi kumpa mwendeshaji miguu mipya. Katika kasi yoyote, gari huvutwa zaidi pale injini inapokuwa karibu na kilele cha nguvu zake, na kwa gari lenye gia sita zilizokaribiana hivi, dereva anayejua kuchagua gia hukikaribia kilele hicho akiwa na difu yoyote ya maana. Muda wa kukanyaga klachi na kusukuma lever nao una gharama. Kwenye kasi ya 115, gari hili likikosa mvuto kwa sehemu nne za kumi za sekunde tu, linapoteza karibu kilomita 4 kwa saa ambazo lingekuwa limezipata. Kila gia ya ziada kwenye mzunguko mmoja ni deni la namna hiyo.

Sasa twende Japani lilikozaliwa gari lenyewe. Uwanja wa Fuji una urefu wa kilomita 4.563, na mnyoofu wake mkuu ni kilomita 1.475. Hapo 86 ya 4.1 inakaa kwenye gia ya tano mpaka 211. Ile ya 4.88 inaimaliza gia ya tano kwenye 177 na kulazimika kuingia ya sita, ambayo katika gari hili ilitengenezwa kwa ajili ya safari na si kwa mbio: pengo kati ya ya tano na ya sita ni kubwa. Kuanzia hapo gari la "difu ya mbio" lina mvuto mdogo kuliko lile la kiwandani, kwa karibu asilimia 9, katika sehemu ambayo upepo unalikaba zaidi. Aliyelipia kasi amelipia breki.

Tsukuba, mzunguko wa mita 2,045 wenye kona kali za kurudi nyuma, ni habari nyingine, na hapa watetezi wa difu fupi wana hoja ambayo lazima niikubali. Kona ukiitoka kwa kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya pili, 4.1 inaiacha injini kwenye mizunguko 4,600. Kila aliyeendesha 86 ya kwanza anajua kwamba torki yake huzama katikati, takriban kati ya 3,500 na 4,500, na ukiingia hata kidogo chini ya kasi hiyo unatumbukia shimoni. Difu ya 4.3 inakupandisha hadi 4,800. Hilo ni tatizo halisi na hiyo ni dawa halisi, kwa injini hiyo, kwenye kona hizo. Lakini angalia dozi: kutoka 4.1 kwenda 4.3 ni ongezeko la asilimia 5, si 19.

Na dozi hiyo ndiyo kiwanda chenyewe kilichoichagua. Gari lilipofanyiwa maboresho mwaka 2016, la gia za mkono lilipewa 4.3. Kisha mwaka 2021 ikaja GR86 yenye injini ya lita 2.4, ambayo torki yake ya juu, Nm 250, inapatikana tayari kwenye mizunguko 3,700. Kiwanda kikarudi kwenye 4.1. Shimo limefukiwa, na difu fupi haina tena kazi ya kufanya. Wahandisi waliokuwa na kila namba mbele yao waliifuata injini, wakaipandisha namba ilipohitajika na kuishusha ilipokoma kuhitajika. Sielewi kwa nini sisi tuipandishe siku zote.

Barabarani hasara ni ya kila siku. Kwa kilomita 110 kwa saa kwenye gia ya sita, 4.1 inazungusha injini karibu mara 2,960 kwa dakika, 4.88 mara 3,520. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, hiyo ni mizunguko kama laki moja na nusu zaidi ya pistoni zilezile, mafuta zaidi, na kelele kichwani saa zote. Na kwa kuwa magari haya hutufikia yakiwa yametumika Japani, huenda lako liliguswa kabla hujalinunua. Pima: inua tairi zote mbili za nyuma, weka gia huru, zungusha tairi zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili na uhesabu mizunguko ya shafti. Ikiwa ni nne na kidogo, uko salama. Ikikaribia tano, umeshajua kwa nini injini inalia barabara kuu.

Imani hii ina mdogo wake: kwamba difu ikibana zaidi, yaani ikizifunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, ndivyo ilivyo ya mbio zaidi. Difu ya kawaida hugawa torki sawa kwa tairi zote mbili, hivyo ile yenye mshiko mdogo ndiyo inayoamua. Difu ya aina ya Torsen huipa tairi yenye mshiko mara kadhaa ya kile inachoweza kubeba ile inayoteleza, bila klachi za kuchakaa, na udhaifu wake ni tairi iliyonyanyuka hewani, maana mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Difu yenye sahani za klachi huanza na mbano wa springi, kwa hiyo haiogopi tairi iliyonyanyuka. Ukikanyaga kingo za kona mpaka tairi ya ndani inaning'inia, sahani ni jibu sahihi.

Lakini aina inayobana pande zote mbili, ukikanyaga mafuta na ukiachia, huzilazimisha tairi za nyuma kuzunguka sawa wakati unapotaka gari ligeuke. Pua inakataa kona. Waliozoea kuteleza kwa makusudi wanaihitaji. Wewe unayetafuta muda mzuri wa mzunguko huihitaji. Zipo zinazobana kikamilifu kwenye mafuta na kwa upole unapoachia, na hizo ndizo za kuulizia. Tena kubana si mbio peke yake: Porsche iliiwekea 911 GT3 ya kizazi cha 997 difu inayobana asilimia 28 ikivuta na 40 ikiachiwa, kwa sababu injini iko nyuma kabisa na mkia unahitaji kutulizwa kwenye breki. Na Lotus Elise ya mwaka 1996, gari ambalo madereva wa viwanja wanaliheshimu mpaka leo, ilitoka kiwandani na difu ya kawaida isiyobana kabisa. Uzito mdogo na chasisi nzuri vilitosha.

Kuna jambo moja hapa ninalolisema kwa uzito kuliko yote. Difu iliyobana sana kwenye lami iliyolowa huzifanya tairi mbili za nyuma zipoteze mshiko kwa pamoja. Difu ya kawaida ingeacha moja izunguke bure, nyingine ilishike gari. Anayemfungia kijana difu ya kubana pande mbili kwenye gari analoendea kazini msimu wa masika, bila kumwambia hilo, amemweka hatarini.

Kwa hiyo fedha ianzie kwenye tairi, pedi za breki na mpangilio wa magurudumu, kisha mafuta mapya ya difu uliyonayo. Baada ya hapo, endesha uwanja wako ukiwa na kifaa cha GPS na uandike mizunguko ya injini unapotoka kila kona, pamoja na kasi mwishoni mwa mnyoofu mrefu kuliko yote. Kama kona moja tu inakutupa shimoni, jaribu kwanza kuipita kwa gia ya chini au kwa mstari mwingine. Kama ni nyingi, kwa 86 ya kwanza hesabu itakupeleka kwenye 4.3. Nunua difu nzima kutoka kwenye gari la gia za mkono la baada ya maboresho ya 2016, badala ya krauni na pinioni mpya za kufungwa kwenye nyumba ya zamani: mwanya wa meno hupangwa kwa sehemu za mia za milimita, na fundi asiye na vifaa vya kuupima atakurudishia difu inayolia mluzi kuanzia siku ya kwanza.