Ahadi ya Kazi



Wiki hii tumejiwa na mzazi mmoja kwa shauri la binti yake, muuguzi. Binti amekwisha kutia saini mkataba wa kazi katika zahanati ya Longech, ule ulimi wa mchanga unaokinga Ghuba ya Ferguson katika Ziwa Turkana, makao ya wavuvi yanayofikiwa kwa mashua kutoka upande wa Kalokol. Kabla hajafunga safari, akaitwa Kakuma kwa mshahara mnono zaidi. Aende wapi?

Sheria haimfungi milele. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, alipwaye kwa mwezi aweza kuuvunja mkataba kwa ilani ya maandishi ya siku 28. Lakini ruhusa ya sheria haiondoi uzito wa ahadi. Sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi zao, na Longech wamekwisha kuwarudisha waombaji wengine. Binti akikosekana, atakayelipa ni mjamzito avushwaye maji usiku kutafuta wa kumzalisha.

Rai yetu: aende Longech, atimize muda alioukubali, na Kakuma awajibu leo kwa adabu ili wamtafute mwingine. Ikiwa nyumbani kuna deni au ugonjwa usioweza kungoja, basi awaeleze Longech ukweli mapema, kwa maandishi, wala asinyamaze tu.

Na istikhara, mabinti zetu, huswaliwa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Wabillahi tawfiq.