Mbona stesheni ya hapa hapa Voi inakwaruza nyumbani kwako?

Uko Mwakingali, jioni, unatafuta stesheni ya kaunti usikie kama maji yatakuja kesho ama bazari zinatolewa lini. Unapata kelele tupu. Unasogeza sindano kidogo, stesheni kubwa ya kutoka mbali inaingia safi kama imekaa jikoni kwako. Basi unakata kauli: hawa wa kwetu hawajui kazi.

Pengine umewaonea. Kwanza tuulizane, mtambo wao umesimama wapi?

Mawimbi ya FM, yale ya megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Hayapindi mlima vizuri. Kwa hivyo kimo cha mlingoti kina maana kuliko kelele za mtangazaji. Mlingoti wa mita 30 ukisimama kwenye tambarare, upeo wake ni kilomita 20 na kitu hivi, halafu mviringo wa dunia unaanza kuuficha. Sasa panda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208. Voi iko kwenye mita 600 hivi. Kutoka kule juu upeo unapita kilomita 150. Ndiyo maana Vuria kumejaa minara.

Na usidhani dawa ni kuongeza nguvu ya mtambo tu. Hata uwanda ukiwa wazi kabisa, ukitaka mawimbi yafike mbali mara mbili na makali yale yale, unahitaji nguvu mara nne. Bili ya stima ya stesheni ndogo haitaki kusikia hesabu hiyo. Isitoshe, leseni ndiyo inayosema masafa gani, mtambo ukae wapi na uwe na nguvu kiasi gani. Mwenye stesheni hawezi kuamka tu akaongeza.

Halafu kuna vivuli. Kaunti yetu ni milima iliyotupwa katikati ya nyika. Mtambo ukiwa mjini Voi, mtu anayeishi nyuma ya mlima Sagalla yuko kivulini, na wa Kasigau naye ana lake. Taveta ndiyo kabisa: kama kilomita 100 hivi kutoka Voi, milima katikati, na Tanzania iko hapo mlangoni. Kijana wa Taveta anaweza kujua habari za Moshi kabla ya zile za bunge la kaunti yake mwenyewe, na si kwa kupenda.

Redio ya FM pia ina tabia moja mbaya. Stesheni mbili zikigongana kwenye masafa yale yale, haikupi zote mbili. Inashika yenye nguvu na kuimeza nyingine. Ukiwa kwenye matatu utaona wimbo unabadilika kuwa mahubiri, unarudi kuwa wimbo, bila dereva kugusa chochote.

Tuje kwako sasa, maana na wewe una makosa. Nyumba ya mabati hurudisha mawimbi nje. Chaja za bei ya chini na balbu nyingine za LED hutoa kelele ya umeme inayofunika stesheni dhaifu. Zichomoe usikie tofauti. Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu hivi, na likigonga mlima au ukuta hukufikia mara mbili, likijikata lenyewe. Ndiyo maana kusogeza redio hatua moja tu kunaweza kuiponya. Waya wa sentimita 75 ukining'inizwa dirishani ni antena nzuri, na haugharimu kitu. Kwenye simu, ule waya wa masikioni ndio antena yenyewe. Simu mpya nyingi zimeziba tundu lake, nyingine hazina redio kabisa, eti maendeleo.

Utaambiwa, "Si usikilize kwa intaneti?" Wewe mwenye bando, sawa. Lakini fikiria mkulima wa Sagalla, kule ambako watu wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili ndovu wasiingie. Huyo anataka kujua usiku huu ndovu wameonekana upande gani. Ana redio ya betri. Stesheni ya Nairobi inayomfikia safi haitamwambia.

Kwa hivyo jambo hili si la burudani tu. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayogawa masafa. Ituwekee wazi, kwa Kiswahili, kila masafa yaliyogawiwa Taita Taveta yanatakiwa kufika wapi, ili tujue kama tunadai haki ama tunalilia mlima. Nazo stesheni za kaunti zipate njia nafuu ya kutumia kwa pamoja minara iliyo juu tayari, badala ya kila moja kuhangaika na mlingoti wake bondeni.

Na wewe, ukishajaribu waya dirishani na bado inakwaruza, wajulishe. Usiandike "redio yenu mbovu". Fundi hawezi kufanya lolote na hiyo. Andika: niko Sofia, ndani ya nyumba ya mabati, saa moja jioni, chaja nimechomoa, mnamezwa na stesheni fulani. Mkiandika hivyo watu ishirini kutoka mitaa tofauti, fundi ana ramani mkononi.