MKIMBIAJI WA KITOMANGA NA DAFTARI LAKE

Mzee mmoja wa Kitomanga, mkulima wa ufuta na korosho, ametuletea barua. Bintiye yu kidato cha tatu, na katika mashindano ya UMISSETA aliwaacha wenziwe nyuma kabisa katika mbio ndefu. Sasa amekuja mtu atakaye binti huyo aache shule, aende kambini kaskazini akimbie asubuhi na jioni, kisha atamtafutia chuo Marekani. Mzee atuuliza, je, amruhusu?

Jawabu letu ni la. Twalitoa tukijua ya kuwa huenda mgeni huyo ana nia njema, na ya kuwa ingawa ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, sare, madaftari na nauli havikufutwa.

Chuo cha Marekani hakichukui miguu mitupu. Kwanza huuliza cheti: je, amemaliza sekondari, na katika hesabu, sayansi na Kiingereza alipata nini? Akiisha kupokewa, kanuni za michezo ya vyuo vya huko zamtaka awe mwanafunzi kamili, mwenye masomo yasiyopungua krediti 12 kwa muhula, na wakati wa msimu mazoezi yake na mashindano yasizidi saa 20 kwa juma. Akianguka darasani, hakimbii. Basi mwenye kuacha shule ili apate chuo amevunja ngazi ili apande darini.

Wala hatusemi mambo ya kubuni. Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na toka mwaka 1979 hadi 1982 alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vyote vya Marekani mara nne mfululizo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1980, alikwenda Moscow akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000. (Wamarekani wenyewe waliisusia michezo ile, mwanafunzi wao akaenda, kwa kuwa alikuwa Mtanzania.) Wakenya nao mwaka 1988 mjini Seoul walitwaa dhahabu ya mita 800 kwa Paul Ereng na ya mita 1,500 kwa Peter Rono, na wote wawili walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Rono alitoka shule ya St. Patrick's, Iten, na aliyemfunza mbio ni Bruda Colm O'Connell, aliyetoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia. Uwanja na darasa vilikuwa chini ya mwalimu mmoja.

Watatokea wa kutuambia habari za Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025 bila kupitia chuo cha Marekani. Ni kweli, nasi twamheshimu sana. Lakini Simbu ni askari wa jeshi letu. Ana kazi na mshahara. Binti wa Kitomanga akikatika mshipa wa kisigino huko kambini, bila cheti, atarudi na nini?

Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twakumbuka amri moja: aliyeshindwa hesabu Jumatatu hakuvaa jezi Jumamosi. Tuliiona kali. Siku hizi twaona kinyume chake. Mtoto mwenye mbio huondolewa darasani majuma mazima kabla ya mashindano, na arudipo na kikombe hakuna amrudishiaye masomo aliyoyakosa. Mtoto huyo alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo ni kwa Kiingereza; majuma matatu kwake ni shimo. Twawaomba walimu wa Lindi na Kilwa walifukie shimo hilo jioni, baada ya michezo, wala wasimwachie mtoto alifukie peke yake.

Na Chama chetu katika kata kisijidhani kimetimiza wajibu kwa kumvika mshindi kanga na fulana. Mnunulieni kamusi na taa ya kusomea.

Mzee wetu, jua la pwani halimzuii bintiyo. Saa kumi na moja alfajiri barabara bado ina baridi. Akimbie hapo, na nduguye mkubwa awe naye, kisha aoge aende shule. Usiku asome Kiingereza kwa sauti, hata kama humwelewi. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Mwambie mgeni wako aje Desemba baada ya mtihani huo, na jina la hicho chuo aje nalo limeandikwa.